Kura ya Jehanamu

Ulipita pale, usikatae. Ulipita na baiskeli yako ukitoka Korogwe kwenda Sindeni, ukaona makaburi yaliyozungushiwa ua wa mkonge, na nje ya ua, upande wa korongo, ukaona vilima viwili vya udongo vimejitenga kama wageni walionyimwa kiti. Ukajiuliza. Nusu dakika hivi. Kisha ukakumbuka kwamba una safari, ukakanyaga pedeli. Ukasema moyoni, hayo ni mambo ya makanisa yao, wenyewe wanajuana. Haya, shuka kwenye baiskeli. Leo huendi popote mpaka uambiwe waliolala pale ni akina nani na nani aliyewaweka.

Na usidhani unasutwa peke yako. Agripina naye alitazama pembeni. Mwezi wa tatu mwaka wa sabini na nne, Matayo alipopelekwa kuzikwa nje ya ua bila kengele, Agripina alikuwa kwenye foleni ya unga wa njano. Akaiona machela ikipita, na nyuma yake Justa, dada wa marehemu, mwanamke peke yake na jembe begani. Agripina akainama akaanza kufunga kanga yake upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. Akachukua unga wake, akaenda nyumbani, akasonga ugali. Miezi sita baadaye, Jumamosi saa tisa alasiri, zamu ikamfikia.

Walimletea Jonathan, mwanawe wa pekee, juu ya ubao wa mlango. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mvua zilikuwa zimekataa mwaka wa pili, mto umebaki mchanga, na kijiji kilikuwa kimeamua kuchimba kisima. Waliopiga makofi kuafiki walikuwa watu mia mbili. Waliojitokeza kuchimba walikuwa wanane, na aliyekubali kushuka hadi chini kabisa alikuwa Jonathan. Kwenye futi thelathini udongo ulianza kulowa. Akapaza sauti kumwambia mwenzake Salimu, aliyeshika kamba juu, kwamba maji yako karibu. Kisha ukuta wa kisima ukaporomoka. Salimu alivuta kamba mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba.

Mashavu, mwanamke aliyekuwa akiishi na Jonathan, alikaa chini mlangoni na mimba yake ya miezi saba. Yordani, baba wa marehemu, alisimama katikati ya chumba na suti yake ya kanisani mkononi, hajui aivae au aitundike.

Ndipo akaingia Mhina. Katika kijiji kile, akifa mtu wa dini yoyote, wachimba kaburi ni Mhina na vijana wake wa Kizigua, Waislamu. Wakristo nao, msiba ukiwa wa Waislamu, wanachota maji na kupasua kuni. Hakuna aliyeliandika jambo hilo mahali popote, na ndiyo maana lilikuwa linakwenda vizuri.

"Pole sana, mama Jonathan," Mhina alisema. "Pole, mzee Yordani. Majembe yapo. Tuchimbe wapi, ndani au nje?"

"Ndani au nje ya nini?" Agripina aliuliza.

Mhina alimtazama Yordani. Yordani alitazama nyasi za paa, kana kwamba leo ndiyo anazihesabu.

"Chimbeni kesho," Yordani alisema hatimaye. "Baraza la wazee lazima likae kwanza."

"Mzee, joto hili..."

"Nimesema baraza lazima likae."

*

Kanisa lenyewe lilikuwa kituko. Aliyechora ramani ya kijiji kipya aliweka kiwanja kimoja cha msikiti na kiwanja kimoja cha kanisa, akakunja karatasi yake akaondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba Wakristo wale, watoto wa vibarua wa kambi za mkonge za huko Kwamndolwa, walikuwa wa aina tatu: Waanglikana, Walutheri, na wale wa kubatizwa mtoni. Wote wakasukumwa ndani ya nyumba moja ya udongo, na kipande cha reli ya kitoroli cha kubebea mkonge kikatundikwa nje kuwa kengele. Makaburi nayo yakawa hayo hayo.

Hawakuelewana kwa lolote. Hawa wakipiga magoti, wale wanasimama. Hawa wakinyamaza kuomba, wale wanapayuka. Lakini Filemoni, mwinjilisti wao, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, aligundua jambo moja lililowapendeza wote: moto. Akihubiri upendo, watu wanasinzia. Akihubiri jehanamu, hata Walutheri wanasogea mbele.

Basi mwezi ule wa tatu, alipokufa Matayo aliyetengwa na kanisa kwa sababu ya gongo, baraza lilikaa kuamua alale wapi. Na kwa kuwa wazee wote walikuwa wamekwishajifunza kwenye mikutano ya tawi la chama jinsi mambo yanavyoamuliwa, waliamua vivyo hivyo. Filemoni akasimama: "Wanaoafiki kwamba aliyekufa akiwa ametengwa yuko katika moto wa milele, na hana haki ya kulala na watakatifu ndani ya ua, wanyooshe mikono." Mikono tisa. Wanaopinga, miwili. Jehanamu ikapita. Katibu akaiandika kwenye daftari la mistari, akapiga mstari chini kwa rula, wakafunga kwa sala.

Katika ile mikono tisa, mmoja ulitangulia kupanda, kiwiko kimenyooka kama mlingoti wa mkonge. Mwenye mkono huo ndiye aliyeiunga mkono hoja, tena kwa maneno matamu. Alikuwa Yordani.

Jonathan naye alitengwa mwezi wa sita, kwa kuishi na binti wa Kiislamu bila ndoa. Yordani alikuwepo siku hiyo pia. Hakunyoosha mkono, alikohoa tu.

"Baba Jonathan," Agripina alisema jioni ile, wakiwa wamekaa pande mbili za mkeka, mtoto wao katikati. "Ile kura ya Matayo, wewe ulinyoosha?"

"Ilikuwa habari ya Matayo, mama Jonathan."

"Nimekuuliza mkono. Sijakuuliza Matayo."

Yordani alijikuna goti. "Azimio ni azimio," alisema. "Ukiwa mzee wa kanisa, huwezi kukaa kama picha ukutani."

*

Jumapili baada ya ibada, wazee kumi na mmoja, mwinjilisti akiwa mmoja wao, walibaki ndani. Wanawake si wajumbe wa baraza, kwa hiyo walikaa nje chini ya madirisha, na kwa kuwa madirisha yale hayakuwa na vioo wala mbao, walisikia kila neno. Agripina alikaa karibu kuliko wote. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Azimio linajulikana," Filemoni alianza. "Tumsikitikie mzee Yordani, lakini Neno ni Neno. Bwana mwenyewe amesema: kondoo kulia, mbuzi kushoto, na mbuzi wanakwenda kwenye moto wa milele. Sikulitunga mimi."

Habakuki alisimama. Alikuwa mmoja wa wale wawili waliopinga mwezi wa tatu. Zamani alifanya kazi kwenye mashine ya korona, ile ya kusaga majani ya mkonge, na mashine ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia. Hakusoma zaidi ya darasa la pili, ila Biblia yake ilikuwa imechakaa mpaka kurasa zimelainika kama kitambaa.

"Mwinjilisti, naomba tuisome habari hiyo ya mbuzi yote, tusiikate kati."

"Sote tunaijua."

"Basi niambie, wamekuwa mbuzi kwa kosa gani? Walinyimwa njia kwa sababu walikaa na mwanamke bila cheti? Haimo. Kosa lao ni kwamba hawakumlisha mwenye njaa wala kumnywesha mwenye kiu. Hayo tu. Sasa Jonathan kafia wapi? Kisimani. Alikuwa anatafuta nini mle? Na sisi tulikuwa wapi? Nani mbuzi hapa?"

Chini ya dirisha mwanamke mmoja alisema "Ehee!" akanyamazishwa.

"Hiyo ni tafsiri yako," Filemoni alisema.

"Na yako je? Umeletewa na posta?"

"Habakuki, kaa."

"Sikai. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba katika Adamu wanakufa wote na katika Kristo wanahuishwa wote. Wale wote wa Adamu hatujawahi kubishana nao. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kifo kimemsahau mtu. Tukifika kwa wale wote wa Kristo, mnaanza kuhesabu na kupunguza."

Mzee Mdoe, aliyekuwa na shamba zuri kuliko wenzake na miguu mibovu kuliko wenzake, alinyoosha fimbo kuomba nafasi. "Mimi nauliza la kawaida tu. Kama wote wanaokolewa, tunaamka alfajiri kuja hapa kwa faida gani? Nimekataa pombe miaka ishirini na miwili. Miaka ishirini na miwili, jamani! Halafu nifike huko nimkute Matayo amekaa?"

"Kwa hiyo, mzee Mdoe, raha yako ya mbinguni ni kumwona mwenzio anaungua?"

Mdoe alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Siyo raha," alisema. "Lakini tofauti lazima iwepo."

Kanisa zima likaitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo theolojia waliyoielewa wote, Waanglikana, Walutheri na wa mtoni. Tofauti lazima iwepo. Mmoja akapendekeza ipigwe kura upya ili mambo yaishe. Mwingine akauliza kama mkono wa Habakuki wenye vidole vitatu uhesabiwe mzima au nusu, na watu wazima wenye wajukuu wakacheka, ndani ya kanisa, siku ya msiba. Yordani naye alionyesha meno kidogo, kwa mazoea, kisha akayaficha.

Agripina alisimama dirishani. Hakuomba nafasi.

"Mnabishana mwanangu yuko wapi," alisema. "Mwanangu yuko nyumbani kwenye mkeka. Saa hizi ni saa sita. Nzi wameanza. Mkitaka kujua alipo, ni hatua mia mbili."

Kicheko kilikatika. Filemoni, ambaye hakuwa mtu katili, alikuwa tu mtu anayependa kuwa sahihi, alishusha sauti. "Mama Jonathan, sisi hatumchukii kijana. Mzee Yordani ni mwenzetu, na mwenzetu hatumwachi hivi hivi. Njia ipo. Aliyetengwa akitubu kabla ya pumzi kukatika, kutengwa kunaondoka. Tunachohitaji ni shahidi. Nani alikuwa naye?"

Salimu aliitwa. Aliingia na viganja vyake vimefungwa matambara, akavua kofia, akasimama karibu na mlango kwa kuwa hakujua mahali pa Mwislamu kusimama ndani ya kanisa.

"Marehemu alisema nini mwisho?" Filemoni aliuliza.

"Alisema, 'Salimu, vuta.'"

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo kulikuwa na udongo."

Wazee walitazamana. Mlutheri mmoja alisema kwamba pengine lile neno lilikuwa sala: marehemu alikuwa akimwambia Mungu amvute juu. Wa mtoni akasema hapana, sala lazima itaje jina. Mdoe akauliza kama kuna mahali katika Zaburi pameandikwa kuvuta. Wakaanza kupekua. Dakika kumi nzima, watu kumi walitafuta mbinguni neno alilolisikia kijana aliyesimama mbele yao.

"Wazee," Salimu alisema, "alikuwa ananiambia mimi. Mimi ndiye nilikuwa na kamba."

"Hata hivyo ushahidi wako hausimami, kijana," Filemoni alimwambia kwa upole. "Wewe si wa imani." Kisha akachana karatasi kutoka kwenye daftari, akaketi kuandika.

*

Karatasi ilisomeka hivi: kwamba marehemu Jonathan, akiwa kisimani, alilia kwa sauti, akajuta dhambi ya kuishi na mwanamke asiye wa ndoa, akasema Bwana nirehemu. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi. Yordani aliileta nyumbani ameishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba yai.

"Tayari nimeweka sahihi yangu," alisema. "Wanataka na dole gumba lako, ili iwe na nguvu. Tukimaliza, kengele inapigwa. Atalala ndani, mama Jonathan. Ndani kabisa, karibu na njia."

"Nani alimsikia akisema haya?"

"Ni maneno tu."

"Ni uongo."

"Ni uongo wa kumwingiza mtoto mbinguni!"

"Kumbe ndivyo kulivyo," Agripina alisema. "Mbinguni wanaingia kwa uongo, motoni wanakwenda kwa ukweli. Na wewe umekuwa mzee wa huko miaka mingapi?"

Yordani aliitazama ile sahihi yake. Alikuwa mtu ambaye kambini alikata mafungu yake ya mkonge bila siku moja kuitwa bwana na mtu yeyote. Uzee wa kanisa ulikuwa ndio kiti chake cha kwanza. Alipokuwa akiinuka Jumapili na kitabu kwapani, watoto walimpisha njia. Agripina aliyajua hayo, na ndiyo maana hakumpigia kelele.

Mashavu aliongea kwa mara ya kwanza tangu jana. "Mama, hapo kwenye karatasi pamesemwa nini juu yangu?"

Yeye mwenyewe akaichukua, akaisoma kwa kufuata maneno kwa kidole, maana alikuwa akihudhuria darasa la watu wazima. Akafika mahali pake.

"Jana asubuhi alinishika tumbo," alisema. "Akaniambia, tukipata maji hutabeba ndoo kutoka mtoni mpaka ujifungue. Hakuwa mtu anayejuta." Akaikunja karatasi vizuri, akamrudishia mkwewe kwa mikono miwili, kwa adabu.

Nje mtu alibisha hodi. Alikuwa Justa, na mzigo wa kuni kichwani na jembe mkononi. Tangu mwezi wa tatu alikuwa hasogei kwenye msiba wa mtu wa kanisa. Alitua kuni, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Agripina alitafuta mahali pa kuweka macho, akakosa. "Justa, siku ile ya Matayo..."

"Nilikuona. Ulikuwa unafunga kanga."

Agripina aliiachia ncha ya kanga aliyokuwa ameishika.

"Wengi walikuwa na kanga za kufunga siku ile," Justa alisema. "Usijali, mama. Mimi nimekuja kwa ajili ya Jonathan. Ndiye peke yake wa kanisa aliyekuja kunisaidia kufukia, jua likiwa limeshazama, ili baba yake asimwone."

Yordani aligeukia ukuta.

"Wewe hawakukupa njia?" Agripina aliuliza. "Karatasi kama hii?"

Justa aliitazama karatasi mkononi mwa Yordani, akaitazama kwa muda. "Iko hivyo?" alisema. "Kumbe ilikuwa karatasi tu? Mimi nilipiga magoti pale mlangoni kwa mwinjilisti tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akaniambia Mungu hana upendeleo." Akacheka, kicheko kidogo kikavu. "Mama, kama uongo mmoja ungetosha, ningewaambia kumi. Lakini nani atamwandikia mpika gongo?"

Agripina aliinuka. Alijifunga kanga kiunoni, safari hii kwa sababu ilihitaji kufungwa.

"Pembeni ya Matayo kuna nafasi?"

"Nafasi ipo, mama. Mpaka korongoni."

*

Mhina alikuwa amechoka kungoja. Tangu saa nne vijana wake walikuwa wamekaa na majembe wakisikiliza Wakristo wakihesabu mikono, na mwishowe aliwaambia: "Hawa hawamalizi leo. Chimbeni mawili. Moja ndani, moja nje. Mbingu ikikubali, tayari. Ikikataa, tayari." Walichimba yote mawili sawasawa, kina kile kile, maana Mhina hakuwa mtu wa kumpunja maiti.

Saa nane msafara ulifika kwenye mwanya wa ua. Filemoni alikuwa amesimama ndani kwa kanzu nyeupe, wazee nyuma yake wamepanga mstari, Yordani miongoni mwao kwa suti, na karatasi mfukoni yenye sahihi moja. Walikuwa wameamua kwamba moja inatosha. Kipande cha reli kikaanza kugongwa. Salimu na wenzake waliobeba ubao wakasimama.

"Mama, tupite wapi?"

"Nje," Agripina alisema.

"Mama Jonathan!" Filemoni alipiga hatua. "Mambo yamekwisha. Tumemsamehe. Karatasi imesainiwa!"

"Basi izikeni hiyo karatasi."

"Unamnyima mwanao mahali patakatifu kwa hasira za siku moja? Unajua unamwacha wapi?"

"Namwacha kwa Matayo," alisema. "Hamkumpa Matayo karatasi. Mwanangu hakutubu, mwinjilisti. Alifia maji yenu. Kama yuko mtu huko juu atakayemchoma kwa hilo, basi na anichome na mimi, mkono wangu huu hapa, ahesabu."

Akapita. Nyuma yake akapita Mashavu, akapita Justa na jembe, wakapita wanawake wote waliokuwa chini ya madirisha, mmoja mmoja, wengine wakitazama chini. Habakuki alitoka kwenye mstari wa wazee bila kuaga. Kule nje ndiye aliyeomba. Hakusoma kitu. Alisema, "Mungu, huyu alikuwa anachimba. Unamjua." Wakaanza kufukia.

Ndani ya ua wakabaki wazee tisa, mwinjilisti, na shimo.

Kengele ilikuwa bado inagongwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia mgongaji aache. Mhina alikuja akasimama ukingoni, ameegemea jembe.

"Wazee wangu, kaburi halilali wazi," alisema. "Likilala wazi, linaita mtu. Na aghalabu linaita katika hao waliokuwa wamesimama karibu."

Wale wazee, ambao mwezi wa tatu waliupigia kura moto wa milele bila jasho, walirudi nyuma hatua moja wote kwa pamoja. Mdoe alirudi mbili.

"Lifukieni tu," Filemoni alisema, sauti yake imepungua.

"Tupu? Mimi silifukii tupu. Leteni mgomba ulale badala ya mtu. Ndivyo inavyofanywa."

Mgomba ulikuwa mmoja tu karibu, wa Mdoe, pale bondeni, na ulikuwa na mkungu. Mdoe alilalamika sana. Aliambiwa achague, mkungu au yeye. Ukakatwa, ukaletwa begani na vijana wawili, ukashushwa kaburini polepole kwa kamba. Hapo likazuka swali: unaombewa au hauombewi? Mlutheri alisema mti hauna roho. Wa mtoni alisema haujabatizwa. Mdoe alisema kwa vyovyote vile usitengwe, waombe tu, nani ajuaye. Wakaafikiana. Hata kura haikuhitajika. Filemoni akafungua kitabu, akaanza: udongo kwa udongo, mavumbi kwa mavumbi, katika tumaini thabiti la ufufuo. Kengele ikawa inalia vizuri kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa. Mgomba ulizikwa ndani, kwa kengele na kanzu, karibu na njia. Mchimba kisima alizikwa nje.

Filemoni alifika mahali ambapo siku zote msiba unafika, na ulimi wake ukaenda wenyewe, kwa mazoea. "Sasa," alisema, "mzee Yordani, tupe neno la familia."

Yordani alitazama ndani ya kaburi. Aliutazama mgomba. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, nyuso zote zikiwa zimeinama kwa heshima, zikimngoja.

"Familia ya nani?" alisema.

Hakuna aliyecheka. Hakutafuta mwanya wa ua, ulikuwa mbali. Alipita moja kwa moja katikati ya mikonge, na ile miiba ya ncha, aliyoikata miaka kumi na tisa bila kuchomwa, ikamchana suruali ya suti toka paja hadi goti, na mkono ikauchana, ule wa kulia. Alipotokea upande wa pili, kaburi lilikuwa limekwisha kujaa. Hakuna udongo uliobaki wa kutupia.

Agripina alimtazama, damu inamtiririka hadi kwenye vidole. Hakumwambia pole. Alichukua jembe mkononi mwa Justa, akampa.

"Sawazisha," alisema. "Yote mawili."

Yordani akaanza na la Matayo.

*

Umekwisha kuambiwa. Sasa huna cha kusingizia.

Na wewe una kanisa, na kanisa lako lina daftari, na ndani ya daftari yamo majina yaliyopigiwa kura na watu wanaokula nyama vizuri Jumapili mchana. Kesho nenda. Usikae nyuma. Matangazo yakianza, kabla sadaka haijapitishwa, simama, omba daftari lifunguliwe na majina yasomwe mbele ya wote, jina kwa jina, na kila jina uliza mama yake ni nani na yuko wapi. Watakuambia jambo hili lina utaratibu wake. Endelea kusimama. Watakusomea mstari. Waambie waendelee na unaofuata. Watasema walioafiki ni wengi. Wahesabu mikono, wajue kwamba umewaona.

Usingoje mpaka ubao wa mlango uingie kwako. Kesho. Simama.